Hewa Nayo Yahitaji Mizani

Maneno yaliyosemwa na Mkaguzi wa Vyama vya Ushirika mbele ya makatibu, wajumbe wa kamati na wanachama wa vyama vya msingi waliokutana Uwemba, Njombe



 Mmezoea kuniona nikija na kalamu nyekundu na maswali juu ya vocha, na najua kwamba mkaguzi akiingia katika ofisi ya chama hata chai hupoa. Leo sikuja kukagua vitabu. Nimekuja kuzungumza juu ya hewa tunayovuta, na juu ya fedha za umma zinazopasa kutengwa kwa ajili ya kuipima na kuisafisha. Huenda baadhi yenu mnajiuliza: mkaguzi wa ushirika na moshi, wapi na wapi? Naomba mnivumilie. Mkinisikiliza mpaka mwisho mtaona kwamba jambo hili ni la mizani, la daftari na la makisio, na kwa hiyo ni letu.

Nianze na viazi. Kila mkulima wa viazi katika Njombe anaijua lumbesa. Gunia hujazwa, kisha huongezewa kilemba juu, hufungwa kwa kamba, na mnunuzi hulilipia kama gunia moja. Mkulima anajua kwamba anapunjwa, lakini hawezi kusema anapunjwa kilo ngapi, kwa sababu hapana mizani kati yake na mnunuzi. Malalamiko yasiyo na kilo ndani yake hayafiki mbali. Ndiyo maana vyama vimehangaika kupata mizani, na ndiyo maana Wakala wa Vipimo huikagua mizani ya biashara na kuipiga chapa kila mwaka. Penye mizani, manung'uniko hugeuka kuwa madai.

Hewa yetu iko katika hali ile ile ya gunia la lumbesa. Tunajua kwamba tunapunjwa, lakini hatujui kiasi gani.

Ndugu Wanachama, hebu tuitazame nchi yetu kwa haki. Mgeni akifika Uwemba husifu ubaridi, ukungu wa asubuhi, miwati na misindano, na husema kwamba hewa ya hapa ni safi. Akiwa nje, hakosei sana. Lakini mwezi wa Juni mpaka Agosti, baridi inapouma, sisi hatukai nje. Tunakaa jikoni. Mlango umefungwa, dirisha limezibwa kwa gunia, kuni ni mbichi kwa sababu ya manyunyu, na watoto wamesogezwa karibu na moto kwa mapenzi ya mama yao. Pale ndipo penye hewa mbaya kuliko ile ya barabara ya lami ya Makambako. Ongezeni hapo moto wa kusafishia mashamba kabla ya mvua, lundo la maranda na unga wa mbao linalofuka siku nyingi kando ya mashine za kupasulia magogo, tanuri za matofali, na vibanda vya kukaushia mazao kwa kuni. Moshi wa vijijini una milango mingi.

Ubaya wa moshi hauko katika kuwasha macho peke yake. Ndani ya moshi mna chembechembe ndogo sana, ambazo upana wake hauzidi sehemu 2.5 za elfu ya milimita. Unywele mmoja wa kichwa ni mnene kuliko chembe hizo mara 20 na zaidi. Kwa udogo huo hazizuiliwi na pua wala koo. Hushuka mpaka ndani kabisa ya mapafu, na nyingine huingia katika damu. Huleta nimonia kwa watoto, ugonjwa wa mapafu usiopona kwa wazee, maradhi ya moyo na kiharusi. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2020 moshi wa majumbani uliwaua watu milioni 3.2 duniani, na kati yao watoto wa chini ya miaka 5 walikuwa zaidi ya 237,000. Hapa Tanzania, Serikali imekuwa ikitaja vifo zaidi ya 33,000 kwa mwaka vinavyotokana na moshi wa kupikia. Tena kuna hewa ya kaboni monoksidi, isiyo na rangi wala harufu, inayotoka katika mkaa unaowaka. Mtu anayeingiza jiko la mkaa chumbani ili alale kwa joto anaweza asiamke. Sisi watu wa baridi tunapaswa kulikariri jambo hilo kama tunavyokariri kiapo.

Hapa niseme jambo nililoliona kwa macho yangu. Miaka kadhaa iliyopita nilikagua vitabu vya chama kimoja, ambacho sina haja ya kukitaja. Chama kilikuwa na kibanda cha kukaushia mazao kwa kuni. Nilipopitia leja ya mikopo ya watumishi, niliona kwamba wahudumu wa kibanda kile walikuwa wakichukua mikopo ya dharura msimu baada ya msimu, na kila mara sababu iliyoandikwa ni matibabu. Hesabu zilikuwa sahihi, na kila hati ilikuwa na saini. Kwa kawaida ya kazi yangu ningeweka alama ya vema na kuendelea. Lakini niliomba kwenda kukiona kibanda. Nilikuta bomba la moshi limeliwa na kutu na kuanguka, na moshi wote ukirudi ndani kwa wahudumu. Nikarudi ofisini, nikafungua kitabu cha mihtasari. Ombi la kununua bomba jipya lilikuwa limeletwa mbele ya kamati mara tatu, na mara zote tatu liliahirishwa kwa kukosa fedha. Nilipojumlisha mikopo ile ya matibabu, ilizidi bei ya bomba.

Niliandika katika taarifa yangu kwamba chama kimelipia bomba hilo na bado hakina bomba. Kamati haikukasirika, walilinunua. Lakini mhudumu mmoja hakurudi tena kazini, na mpaka leo nikimkumbuka najiuliza ni wakaguzi wangapi walipita pale kabla yangu wakaweka alama ya vema. Tangu siku hiyo nimeamini kwamba moshi unaingia katika vitabu vyetu kila mwaka, ila huingia kwa jina jingine: matibabu, siku za kazi zilizopotea, mkopo usiolipika, mazishi.

Ndugu Mwenyekiti, sasa nije kwenye sheria na fedha. Nchi yetu haina upungufu wa sheria juu ya jambo hili. Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira liliundwa kwa sheria ya mwaka 1983. Mwaka 2004 Bunge likatunga Sheria ya Usimamizi wa Mazingira, ambayo inampa kila mtu aishiye Tanzania haki ya mazingira safi, salama na yenye afya. Mwaka 2007 zikatoka Kanuni za Viwango vya Ubora wa Hewa. Sheria hiyo ya mwaka 2004 ilianzisha pia Mfuko wa Taifa wa Mazingira, ambao hupata fedha kutokana na bajeti ya Serikali, ada na misaada, kwa ajili ya utafiti, mafunzo na kazi za mazingira zinazofanywa na jamii. Inataka halmashauri ziwe na maofisa wa mazingira, na mipango ya mazingira inayoandikwa upya kila miaka mitano.

Kwa upande wa moshi wa jikoni, tarehe 8 Mei 2024 ulizinduliwa Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, wenye shabaha kwamba ifikapo mwaka 2034 Watanzania asilimia 80 wawe wanapika kwa nishati safi. Taasisi zinazolisha watu zaidi ya 100 kwa siku zilitakiwa kuacha kuni na mkaa. Wakala wa Nishati Vijijini ukapewa fedha za ruzuku ili mitungi ya gesi na majiko banifu yauzwe kwa bei ya chini.

Basi kama sheria zipo na mafungu yapo, mbona jikoni kwetu bado ni kweusi? Sababu ni nyingi, na umaskini ni mojawapo. Lakini ipo moja inayonihusu mimi kama mtu wa hesabu. Fedha za umma hufuata tarakimu na maombi yaliyoandikwa. Barabara ya Uwemba ikiharibika, diwani husimama na kutaja kilometa. Shule ikipungukiwa, mwalimu hutaja madawati. Moshi hautajwi kwa kipimo chochote, kwa hiyo hauna fungu. Mimi katika vijiji vyote nilivyokagua sijaona kipimo cha hewa hata kimoja.

Pengine kipimo hicho huonekana kuwa kitu cha ajabu. Kwa asili yake ni mizani tu. Karatasi nyembamba ya kuchujia hupimwa uzito ikiwa safi. Kisha pampu huvuta hewa ipite katika karatasi hiyo kwa saa 24, na kiasi cha hewa iliyopita huandikwa. Baadaye karatasi hupimwa tena. Uzito ulioongezeka, ukigawanywa kwa kiasi cha hewa iliyopita, ndio uchafu tunaovuta. Karani wa mizani yeyote hapa anaielewa hesabu hiyo: uzito wa gunia lenye mzigo, toa uzito wa gunia tupu. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2021, linashauri wastani wa mwaka wa zile chembe ndogo usizidi maikrogramu 5 katika mita moja ya ujazo wa hewa. Siku hizi viko pia vipimo vidogo vinavyotumia mwanga badala ya karatasi, vya bei nafuu zaidi, ingawa navyo lazima vilinganishwe na vile vikubwa, kama mizani inavyolinganishwa na mawe ya Wakala wa Vipimo.

Nani alipie kipimo hicho? Naomba tutazame mifano miwili ya wenzetu.

Wa kwanza ni Uingereza. Kuanzia tarehe 5 mpaka 9 Desemba 1952, moshi wa makaa ya mawe uliochanganyika na ukungu uliufunika mji wa London. Watu walipapasa njia mchana. Hesabu ya kwanza ya waliokufa ilikuwa kama 4,000. Uchunguzi wa baadaye ulisema yawezekana walifikia 12,000. Tarakimu hizo ndizo zilizoisukuma Serikali. Mwaka 1956 ikatungwa Sheria ya Hewa Safi, na hapa ndipo ninapotaka mtege masikio. Sheria hiyo haikuishia katika kukataza. Ilimlipa mwananchi. Katika maeneo yaliyotangazwa kuwa ya kuzuia moshi, mwenye nyumba aliyebadilisha meko yake alirudishiwa sehemu 7 kati ya 10 za gharama: 4 zilitoka hazina ya nchi, 3 kwa halmashauri ya mji, naye mwenyewe akachangia 3. Sisi wa ushirika tunauelewa mgawanyo wa namna hiyo. Kila mmoja ameweka hisa yake, na hakuna aliyeachiwa mzigo peke yake.

Mfano wa pili uko karibu. Kwa miaka kadhaa balozi za Marekani katika miji mingi, Kampala ukiwemo, zilikuwa na vipimo vya hewa, na matokeo yake yalitangazwa kwa kila mtu. Vilikuwa vipimo vizuri. Mwezi Machi 2025 Serikali ya Marekani ikasitisha kuyatangaza matokeo hayo, ikitaja uhaba wa fedha. Walikuwa na haki. Kipimo kilikuwa chao na fedha zilikuwa zao. Lakini Kampala haikubaki gizani kabisa, kwa sababu wataalamu wa Chuo Kikuu cha Makerere walikuwa wameanza mwaka 2015 kuunda vipimo vyao wenyewe, vinavyostahimili vumbi na kukatika kwa umeme, na vingine wakavifunga juu ya pikipiki za bodaboda. Wao pia walipata misaada ya nje. Tofauti ni kwamba ujuzi ulibaki nyumbani. Mizani ya kuazima hurudi kwa mwenyewe siku ambayo mazao ni mengi.

Kwa hiyo mimi naona ni haki kudai kwamba kipimo kilipiwe na hazina ya umma, katika bajeti ya kawaida, pamoja na mshahara wa fundi wake, umeme wake na matengenezo yake. Nasema matengenezo kwa makusudi. Makatibu mnajua ni mashine ngapi zimelala katika maghala yetu kwa sababu mtu alikumbuka kuinunua mashine akasahau vipuri.

Najua lipo swali linalowakereketa baadhi yenu, na ni swali la haki. Zahanati hukosa dawa. Je, ni busara Serikali inunue kipimo cha moshi? Nami ningeshangaa kama mngelipita kimya. Jibu langu ni lile la kibanda cha kukaushia. Mtoto anayekohoa kila Julai anamaliza dawa ile ile tunayoililia. Asiyenunua bomba hununua dawa mwaka hata mwaka, na hesabu ya mwisho ni kubwa zaidi. Hata hivyo sitawadanganya: kipimo hakiponyi mtu, na nchi yaweza kupima hewa miaka 20 bila kubadili meko moja. Kipimo kina maana pale tu ambapo kando yake pana fungu la fedha za kuondoa moshi. Tukidai kimoja, tudai na cha pili.

Wakati tukidai, hatuna ruhusa ya kukaa tukiikodolea macho Dodoma. Yako mambo manne yaliyo ndani ya uwezo wa chama cha msingi, nami nitayauliza nitakapokuja kukagua.

La kwanza, kila katibu afungue daftari la moshi. Liwe daftari la kawaida lenye mistari. Aandike kuni zinazotumika katika kibanda cha chama kila wiki, siku ambazo watumishi wameugua kifua, na fedha zilizotoka kwa ajili hiyo. Amwombe mganga wa zahanati idadi ya wagonjwa wa kifua ya kila mwezi, bila majina ya watu. Baada ya mwaka mmoja chama kitakuwa na tarakimu ambazo diwani anaweza kusimama nazo.

La pili, tarakimu hizo zipelekwe kwa wakati. Mwaka wa fedha wa Serikali huanza tarehe 1 Julai, na mipango ya vijiji na kata hukusanywa miezi mingi kabla yake. Ombi linaloletwa mwezi Mei limekuta mlango umefungwa. Liandikwe mapema, lipitie mkutano wa kijiji na kamati ya maendeleo ya kata, nakala imfikie ofisa wa mazingira wa halmashauri, na nakala ya nakala ibaki katika faili la chama.

La tatu, tutumie mafungu ambayo tayari yana sheria. Halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo ilisimamishwa mwaka 2023 ili utaratibu wake urekebishwe, ikarejeshwa mwaka 2024. Kikundi cha kina mama au cha vijana wanaofinyanga majiko banifu ni mradi halali kabisa wa mkopo huo, na chama chaweza kuwapa soko.

La nne, na hili ni gumu kuliko yote kwa sababu linagusa mfuko wetu: katika makisio ya mwaka ujao, yatakayoletwa mbele ya mkutano mkuu, liwemo fungu la bomba la moshi la kila kibanda cha chama. Chama chenye kibanda kisicho na bomba hakina uso wa kuidai Serikali.

Ndugu Wanachama, mwaka 1995, huko Manchester, vyama vya ushirika vya dunia vilikubaliana juu ya misingi saba, na wa saba ni kuijali jamii. Tumezoea kuutimiza kwa kuchangia madawati na misiba. Ni vizuri. Lakini jamii ni pamoja na mama aliyeinamia meko saa hizi tunapozungumza, ili tutakapotoka hapa tukute ugali umeiva. Yeye hajawahi kuleta ombi mbele ya kamati, wala jina lake halimo katika leja yoyote ya moshi. Mimi nimelelewa na mama wa namna hiyo. Macho yake yalikuwa mekundu miaka yote niliyomfahamu, nasi watoto tulidhani ndivyo alivyoumbwa.

Tulijifunza kutopokea gunia lisilopimwa. Hewa nayo tuitendee hivyo hivyo. Tuanze na daftari, tufuatishe ombi, tudai fungu, na sehemu yetu tuilipe bila kusukumwa.

Nitakapopita tena katika ofisi zenu, baada ya leja, kitabu cha stakabadhi na mihtasari, nitaomba kuliona daftari la nne. Naomba nilikute limeandikwa.

 Ushirika ni nguvu.